Madarasa mawili yana kaboni kiasi gani? Hesabuni mifuko, kisha hesabuni kuni

Swali: “Mimi ni katibu wa kamati ya ujenzi ya shule yetu ya msingi huku Mufindi, mkoani Iringa. Wafadhili wa nje wamekubali kutujengea madarasa mawili na ofisi ya walimu chini ya paa moja, jumla mita za mraba 180 hivi. Sasa wanataka tupeleke ‘tathmini ya kaboni iliyofumbatwa katika jengo’ kabla ya kutoa fedha ya kwanza. Fundi wetu anasema tofali za kuchoma hazina kaboni maana hazina saruji, na udongo na kuni vipo hapa hapa. Kijana wetu aliyeko chuo anasema tofali za kufungamana, zile za udongo na saruji zinazoshindiliwa kwa mashine, ndizo pekee rafiki wa mazingira. Mwenyekiti anataka tofali za saruji kwa kuwa ndizo imara. Mshauri tuliyemuulizia bei ametaja pesa ya kujengea choo kizima. Je, tunaweza kuifanya wenyewe? Na nani kati ya hao watatu yuko sahihi? Kiwanja kipo, tutabomoa tu ghala la zamani la pareto ambalo mabati yake yamekwisha.”

Jibu:

Mnaweza kuifanya wenyewe, ndugu katibu, na huenda sehemu kubwa ya kazi iko tayari kwenye faili lenu. Mimi ni mkadiriaji majenzi. Kutwa nahesabu mifuko, nondo na kokoto ili nijue shilingi. Kuhesabu kaboni ni kuipitia tena BOQ ile ile, yaani orodha ya vifaa na kazi, viasi vyake na bei, ila safu ya mwisho huzidishi kwa bei, unazidisha kwa kilo za hewaukaa (kaboni dioksidi). Mwenye michoro na BOQ iliyotengenezwa kwa uaminifu amebakiza jioni mbili tatu za kukaa na kikokotoo.

Kuhusu ule ubishi wenu: kila mmoja ana kipande cha ukweli, na hakuna mwenye wote. Aliye mbali zaidi ni fundi, ingawa kuna sharti moja ambalo likitimia yeye ndiye atakayewacheka wenzake. Nitalifikia.

Kwanza hilo neno, maana naona limewatisha. Kaboni iliyofumbatwa haina maana kwamba ukuta umeficha moshi ndani yake. Ni jumla ya hewaukaa iliyokwisha kutoka mahali pengine, kwenye kinu cha saruji, kwenye tanuru la chuma, kwenye bomba la lori, ili vifaa vifike kwenu na visimame kuwa jengo. Ya pili ni kaboni ya matumizi, ile inayotokana na umeme na moto watakaotumia watu wakishahamia. Wenzetu wa Ulaya wanapasha nyumba moto miezi mingi ya mwaka, kwa hiyo ushauri mwingi unaousoma mtandaoni unahusu hiyo ya pili: kuta nene, vioo viwili, na kadhalika. Darasa la Mufindi halina hita wala kiyoyozi. Mwezi wa saba watoto wanavaa sweta na maisha yanaendelea. Taa ni chache, na umeme wenyewe wa gridi sasa unategemea sana maji, hasa baada ya bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji lililojengwa kwa uwezo wa megawati 2,115. Kwa hiyo siku mtakayokabidhiwa funguo, karibu kaboni yote ya jengo lenu itakuwa imeshatoka. Wafadhili wameuliza swali sahihi, hata kama wameliuliza kwa lugha ya semina.

Sasa saruji. Watu wengi wanadhani tatizo lake ni moshi wa kiwanda, kwamba wakibadilisha makaa ya mawe wakaweka nishati nyingine mambo yamekwisha. Sivyo. Saruji inaanzia kwenye mawe ya chokaa yanayochomwa hadi nyuzi 1,450 hivi za Selsiasi, na jiwe la chokaa lenyewe lina hewaukaa ndani ya umbile lake. Likipata moto huo linaachana: chokaa inabaki, hewaukaa inapanda angani. Karibu asilimia 60 ya hewaukaa ya saruji inatoka kwenye jiwe hilo, na asilimia 40 iliyobaki ndiyo ya makaa ya mawe, gesi au nishati nyingine. Hata kinu kingeendeshwa kwa jua, jiwe lingetoa yake. Kinachotoka kwenye kinu kinaitwa klinka, na klinka ndiyo yenye deni. Ndiyo maana viwanda vinaisaga pamoja na vitu vingine visivyohitaji kuchomwa, kama unga wa mawe ya chokaa mabichi au majivu ya volkano, ambayo nyanda zetu za juu kusini kuanzia Rungwe zimejaliwa.

Chukueni mfuko wowote pale dukani msome maandishi madogo. CEM I ni klinka karibu tupu. Kilo moja ina karibu kilo 0.9 za hewaukaa. CEM II na CEM IV zimechanganywa, na kwa kawaida zinaangukia kati ya 0.5 na 0.75. Namba za 32.5 na 42.5 zinaeleza nguvu tu. Nimeona kamati zikinunua 42.5 kwa kila kitu hadi lipu kwa imani kwamba ndiyo “original”. Kwa kujengea, kupiga lipu na kumwaga jamvi (zege la sakafu) la darasa, 32.5 iliyochanganywa inatosha kabisa, na bei yake mnaijua. 42.5 iacheni kwa mkanda (zege lenye nondo linalozunguka kuta zote) na nguzo kama mhandisi ataitaka.

Mimi hapa nitatumia 0.7 ili nisiwadanganye kwa kupunguza. Maana yake mfuko mmoja wa kilo 50 una kilo 35 za hewaukaa. Lita moja ya dizeli ikiungua inatoa kilo 2.7 hivi, kwa hiyo mfuko mmoja ni sawa na lita 13 za dizeli. Mwambieni mwenyekiti hivyo kwenye kikao na mtaona anavyoanza kuuliza mifuko ni mingapi.

Nije kwenye tanuru. Fundi anasema hakuna saruji, hivyo hakuna kaboni. Mosi, saruji ipo: ukuta wa tofali ndogo za kuchoma una viungo vingi kuliko ukuta wowote, na viungo vinajazwa mota, yaani mchanganyiko wa saruji na mchanga. Ukuta wenu wa nje na wa kugawanya vyumba, baada ya kutoa madirisha na milango, nakadiria mita za mraba 190. Ukijengwa kwa unene wa tofali zima, sentimita 22, unameza tofali kama 20,000 na mota ya mifuko 45 hivi, isipokuwa mkijengea udongo.

Pili, na hapa ndipo penyewe, kuna kuni. Nendeni kwenye tanuru lolote barabarani mkasimame usiku wakati midomo yake inalishwa. Magogo yanaingia mazima, moto unatoka juu ovyo, na asubuhi ya tatu wakifungua mnakuta tofali za katikati zimeiva hadi zimekuwa nyeusi na kuinama, na za pembeni zimepauka, ukizikwaruza kwa ukucha zinatoa unga. Zile za pembeni zimekula kuni sawa na wenzao na hazifai hata kujengea banda la mbuzi. Joto kubwa limepotelea hewani. Kwa matanuru ya namna hii si ajabu kila kilo ya tofali kutumia robo kilo ya kuni au karibu na hapo. Tuwape faida ya mashaka, tuseme gramu 200. Tofali 20,000 za kilo 3 moja ni tani 60. Kuni zake ni tani 12. Kuni iliyokauka kiasi ikiungua inatoa kilo 1.6 hivi za hewaukaa kwa kila kilo. Hapo mna tani 19, na hatujaongeza mota. Ukuta huo huo kwa tofali za saruji, nitawaonyesha baada ya muda mfupi, hauzidi tani 4.

“Lakini mti unaota tena,” fundi atasema. Hilo ndilo sharti nililolitaja. Mti ukiota tena mahali pale pale, hewaukaa iliyotoka inarudi kwenye shina jipya, na kimahesabu haihesabiwi kama ya saruji. Swali ni mti gani na kwa miaka mingapi. Kuni zikitoka kwenye miombo ya porini iliyokatwa na kuachwa, au iliyogeuzwa shamba la mahindi, deni halirudi. Hata kama msitu utaachwa upone, wajukuu ndio watakaoona. Kuni zikitoka kwenye mkaratusi wa kupandwa, unaochipua tena kisikini na kuvunwa baada ya miaka michache, hesabu inabadilika. Na ninyi mko Mufindi, jirani na shamba la miti la Sao Hill, kubwa kuliko yote ya serikali nchini. Mabanzi na maranda yamelundikana nyuma ya viwanda vya mbao, mengine yanachomwa tu ili kupata nafasi. Tanuru likipikwa kwa mabanzi yale, ambayo yangeungua bure, fundi wenu anashinda shindano zima: kinachobaki cha kuhesabu ni mota, karibu tani 1.6, pamoja na usafiri.

Kwa hiyo msiandike “tofali za kuchoma” halafu mkaweka namba moja. Andikeni kuni zimetoka wapi, za mti gani, matripu mangapi. Msimameni pale mhesabu trekta zinazoingia. Hewaukaa ya kuni iandikeni kwenye mstari wake peke yake, tofauti na ile ya saruji na chuma. Ndivyo hata kanuni za kimataifa zinavyotaka, na mfadhili makini atawaheshimu kwa hilo.

Tofali za kufungamana sasa, na samahani kwa kijana wa chuo. Ninazipenda, nimezijengea, na Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umezihubiri kwa miaka mingi kwa sababu nzuri: hazichomwi, hazihitaji mota kwenye viungo, na udongo unachimba karibu. Lakini nimekaa na kalamu nikazipiga hesabu kwa mita moja ya mraba ya ukuta, na hesabu inasema jambo ambalo vipeperushi havisemi.

Tofali la kufungamana la sentimita 30 kwa 15 kwa 10: mita ya mraba inakula tofali 33. Fundi akitoa tofali 70 kwa mfuko mmoja, hizo 33 zina kilo 24 za saruji. Tofali la saruji la inchi 6, tisa kwa mita ya mraba; mfuko ukitoa tofali 30, hizo tisa zina kilo 15 za saruji, ongeza kilo 4 za mota, jumla 19. Mmeona? Ukuta mtupu wa kufungamana una saruji nyingi kuliko ule wa tofali za saruji. Sababu ni rahisi: lile la udongo ni zito, limeshindiliwa, halina mota ya kuligawia nafasi, na saruji imeenea ndani yake lote.

Ushindi wa tofali za kufungamana uko kwenye lipu. Lipu ya pande mbili, sentimita moja na nusu kila upande, ni kilo 10 nyingine za saruji kwa mita. Ukuta wa tofali za saruji hauwezi kuachwa bila lipu, watu hawatakubali, hivyo unafika kilo 29. Wa kufungamana ukiachwa wazi, ukapigwa brashi na kuonyesha sura yake, unabaki 24. Na udongo wenu ukiwa mzuri kiasi kwamba mfuko unatoa tofali 100 zenye nguvu inayotakiwa, unashuka hadi kilo 17. Kwa ukuta wenu wote wa mita 190, kwa 0.7 yetu: tofali za saruji na lipu, karibu tani 3.9 za hewaukaa. Za kufungamana bila lipu, tani 3.2, au 2.3 kwa udongo mzuri. Halafu yanatokea yale ninayoyaona kila mwaka: jengo la kufungamana limesimama, limependeza, anakuja mjumbe mmoja anasema linaonekana kama halijamalizika. Linapigwa lipu ndani na nje. Tani 4.5. Mmeshapita tofali za saruji, na mashine mlikodi bure.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua tofali, kubalianeni kuhusu lipu. Andikeni kwenye muhtasari wa kikao na wajumbe wote wasaini; sifanyi mzaha. Mkiacha kuta wazi, mvua za kwenu zinadai paa litokeze vizuri, sentimita 80 hivi, na kuta za chini zianzie kwenye msingi wa mawe ulionyanyuliwa, la sivyo matone yanayoruka kutoka ardhini yatazila.

Na udongo upimwe. Jazeni chupa ya maji theluthi moja udongo, ongezeni maji, tikiseni, acheni itulie hadi kesho yake. Mchanga utakaa chini, mfinyanzi juu. Mkiona tabaka la juu ni nene, udongo huo utapasuka ukikauka na utadai saruji nyingi. Changanyeni na mchanga au tafuteni shimo lingine. Mafundi wa mashine wana kile kisanduku cha sentimita 60 kwa 4 kwa 4: udongo mbichi unashindiliwa humo, unakauka, unapima umesinyaa kiasi gani, na hapo ndipo unapojua ndoo ngapi kwa mfuko. Fundi anayetaja idadi ya ndoo kabla ya kuuona udongo wenu, mshukuruni kwa kuja.

Mnaona nimetumia muda mwingi kwenye kuta, kwa sababu ndiko mnakogombana. Ukweli ni kwamba sakafu yenu ina kaboni karibu sawa na kuta na hakuna aliyeitaja. Jamvi la mita za mraba 180 kwa unene wa sentimita 10 ni mita za ujazo 18 za zege. Kwa mchanganyiko wa 1:3:6 (saruji, mchanga, kokoto) ni mifuko 80 hivi. Kwa 1:2:4, mifuko 115. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilinakili BOQ ya jengo la ghorofa nikaweka 1:2:4 kwenye jamvi la zahanati iliyokaa juu ya mawe yaliyoshindiliwa vizuri. Hakuna aliyenikosoa. Zege lenye nguvu kupita haja halilalamiki, linakaa tu kimya na mifuko yake 35 ya ziada.

Kibaya zaidi ni inchi. Mawe na kifusi visiposawazishwa kwa kamba, fundi anajaza mabonde kwa zege, na jamvi la inchi 4 linakuwa la 5 bila mtu kujua. Inchi moja kwenye jengo lenu ni mita za ujazo 4.5, mifuko 20, kilo 700 za hewaukaa. Nondo zote za mkanda wenu, nikikadiria fimbo nne za mm 12 kuzunguka kuta zote pamoja na ringi zake, hazifiki hapo kama ni za chuma chakavu kilichoyeyushwa upya. Siku moja ya vijana wawili na kamba, kabla ya kumwaga, inaokoa kuliko mabishano yote ya kikao. Iwekeni zamu: mjumbe mmoja awepo siku hiyo na futi mkononi, apime kina sehemu kumi, na asikubali “tutarekebisha mbele kwa mbele”.

Vivyo hivyo kumwagilia. Tofali zikifyatuliwa na kuachwa juani bila maji, saruji yake haikomai, zinavunjika kwenye toroli na zinafyatuliwa nyingine. Tofali lililovunjika lina kaboni sawa na lililosimama ukutani. Siku saba za maji, kivuli cha majani au turubai, basi.

Chuma chenyewe kina tabia mbili. Kilichotokana na chuma chakavu kikayeyushwa kwa umeme kinaweza kuwa na kilo 0.6 hivi kwa kila kilo; kilichoanzia kwenye mawe ya madini na makaa kinapita 2. Fimbo moja ya mm 12 yenye mita 12 ina kilo 10.7, kwa hiyo ni kati ya kilo 6 na 21 au zaidi. Muulizeni muuzaji nondo zimetengenezwa wapi, na asipojua tumieni namba kubwa. Mabati ya geji 28 ni kama kilo 3.2 kwa mita ya mraba, na kila kilo ina hewaukaa ya kilo 2.7 hivi, paa lenu la mita 230 linakuja tani 2. Msikimbilie geji 30 ili kupunguza: ni jembamba, na mkilibadilisha mapema mnalipa mara mbili. Kenchi na papi ziwe za mbao za msonobari zilizotiwa dawa, mko kwenye chimbuko lake, na mbao ndiyo kifaa pekee kwenye BOQ yenu kilichovuta hewaukaa kabla ya kufika saiti. Madirisha ya alumini yaacheni. Alumini mpya inabeba mara nyingi ya chuma, uzito kwa uzito.

Usafiri unatisha kuliko unavyostahili. Semi yenye tani 30 za saruji kutoka Dar es Salaam hadi Mafinga, karibu kilomita 580, ikila lita moja kwa kilomita mbili, inachoma lita 290. Ukigawa ni kilo 26 kwa tani ya saruji, tuseme 45 ukiingiza safari ya kurudi tupu, wakati kuitengeneza tani hiyo kumetoa 700. Kwa mchanga na kokoto ni kinyume: kuvichimba hakutoi kitu cha maana, kaboni yake karibu yote ni lori. Kwa hiyo msisumbuke sana saruji ilitoka wapi, ila mchanga wa mto wa karibu, ukiwa safi na uchimbaji wake una kibali, una faida kweli.

Nikijumlisha msingi wa mawe, jamvi, kuta zisizo na tanuru, mkanda, paa na vidogo vidogo, jengo lenu litaangukia karibu tani 12. Kwa tofali za kuni za porini, tani 28 au zaidi. Hizo ni namba za mezani kwangu, kutoka vipimo mlivyonipa. Zenu zitatoka kwenye michoro yenu.

Jinsi ya kuiandika: karatasi mbili zinatosha. Kiwango cha Ulaya cha EN 15978, cha mwaka 2011, kinagawa maisha ya jengo kwa herufi. A1 hadi A3 ni kutengeneza vifaa, A4 usafiri, A5 kazi ya saiti, B matumizi na matengenezo, C kubomoa. Semeni wazi kwamba mmehesabu A1 hadi A5. Kwa kila kifaa wekeni kiasi, namba ya kuzidishia, na mlikoipata. Jedwali la ICE la namba hizo za kuzidishia, lililoanzia Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, linatumiwa na wengi, ila limejengwa kwa viwanda vya kwao, hivyo kiwanda chetu kikiwa na tamko lake la kaboni ya bidhaa litumieni hilo kwanza. Programu ya EDGE ya IFC, taasisi ya kundi la Benki ya Dunia, iko mtandaoni bila malipo na kijana wa chuo ataimudu. Ila ulizeni wafadhili kwanza: wanataka makadirio, au cheti? Cheti kinahitaji mkaguzi aliyeidhinishwa, na gharama hiyo waiweke wao kwenye bajeti. Mkiona namba mbili za kifaa kimoja, chukueni kubwa. Na msitoe ile hewaukaa ambayo zege hunywa taratibu kwa miaka mingi. Ipo, lakini ni ndogo na inawapa watu kisingizio.

Kuna mambo ambayo kikokotoo hakiyawezi, na hapo nawaomba msibane pesa. Msipunguze saruji kwenye tofali wala nondo kwenye mkanda ili namba ipendeze. Mko ukanda wa Bonde la Ufa. Tetemeko la Kagera la Septemba 10, 2016, lilikuwa la ukubwa wa 5.9 tu, na kuta zisizofungwa kwa mkanda zilishuka kama mchanga. Tofali kadhaa za kwanza zipelekwe maabara zivunjwe, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia, MUST, pale Mbeya ni mojawapo ya mahali pa kuuliza. Michoro na msingi vipitiwe na mhandisi wa halmashauri akiwa amesimama kiwanjani, hasa kama udongo wenu unapasuka kiangazi na kuvimba masika. Mkitaka mkadiriaji wa kupitia hesabu, hakikisheni amesajiliwa na bodi, na mwombeni saa chache za ukaguzi badala ya kazi nzima. Bei yake haitafika choo.

Nimeacha mwisho kitu mlichokiandika kwa sentensi moja, kana kwamba ni takataka. Ghala la pareto. Mnasema mabati yamekwisha; hamkusema kuta zimekwisha. Maghala mengi ya zamani yalijengwa kwa kuta nene na msingi wa mawe, na kaboni yake ililipwa kabla wengi wetu hatujazaliwa. Likiwa na kuta zilizosimama wima, bila nyufa zinazopanda mshazari kutoka pembe za madirisha, bila unyevu uliolila chini, linaweza kuwa darasa moja na ofisi kwa kuezekwa upya, kuongezewa mkanda na kufunguliwa madirisha makubwa zaidi. Mngebaki na darasa moja la kujenga. Inawezekana pia mhandisi akaligonga kwa nyundo dakika tano akasema libomolewe, na akisema hivyo mtiini, mawe yake yaende kwenye msingi mpya. Akija kwa ajili ya kiwanja, mpitisheni ghalani kwanza, na mtafuteni mwenye ufunguo siku moja kabla.